Wiki moja ya Darasa la Tatu, masomo yote kwa uzi mmoja: mwongozo kamili wa kupanga kuanzia Ijumaa mpaka Ijumaa

Nafundisha Darasa la Tatu kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, watoto 94 kwenye chumba kimoja na masomo karibu yote nayabeba mwenyewe. Miaka mingi nilikuwa naingia kila kipindi kama vile hakihusiani na kilichotangulia, Hisabati ikiisha nafuta ubao naandika Kiswahili, Kiswahili kikiisha nafuta naandika Sayansi, na ikifika Alhamisi ukimuuliza mtoto Jumatatu tulijifunza nini anakuangalia tu. Sio kwamba mtoto mzito. Kitu amekutana nacho mara moja, dakika 40, halafu tumehama, kitakaaje kichwani?

Siku hizi wiki yangu ina uzi. Nachagua kitu kimoja ambacho watoto wanakijua kwa macho na mikono, na masomo yanakipitia kila moja kwa njia yake, mtoto anakutana nacho Jumatatu kwenye kusoma, Jumanne kwenye kupima, Jumatano kwenye jaribio, na kila akikutana nacho anakuta kuna kipya kimeongezeka. Nitaeleza yote hatua kwa hatua kwa mfano wa wiki ya dagaa maana ndo iliyonikaa vizuri kuliko zote, lakini kama uko Mtwara weka korosho, Tanga weka mnazi, Rungwe weka ndizi au chai, Rukwa weka mahindi, njia ni ileile.

Hatua ya kwanza: Ijumaa mchana, azimio la kazi kwanza, uzi baadaye

Hapa ndo wengi tunakosea. Unapata wazo zuri la dagaa halafu unaanza kutafuta cha kufundisha kinachofanana na dagaa, mwisho wa wiki watoto wamefurahi lakini hujagusa kilichokuwa kwenye azimio, yaani mpango wa muhula unaosema wiki gani ufundishe nini. Anza na azimio lako. Fungua kila somo, Kiswahili, Hisabati, Kiingereza, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, angalia wiki inayokuja unatakiwa uwe kwenye umahiri gani na shughuli ipi, na andika kwenye karatasi moja tu, mstari mmoja kila somo, kwa maneno ambayo mtoto angeyaelewa. Usiandike "mwanafunzi aweze kutumia stadi za kipimo", andika "ajue sado moja inaingia nusu lita ngapi", sado ni kile kindoo cha kupimia sokoni. Ukishindwa kuandika hivo ujue bado hujaelewa unachoenda kufundisha, rudi kwenye kiongozi cha mwalimu usome tena.

Mtaala huu ulioboreshwa, ulioanza Januari 2024 kwa Darasa la Kwanza na la Tatu, umejengwa juu ya umahiri, yaani mtoto afanye kitu, sio akariri maelezo. Kwa hiyo kila mstari wako uwe na kitendo ndani yake: apime, asome kwa sauti, achore, alinganishe, auze na kununua. Kama mstari una "ajue maana ya" peke yake, ongeza kitendo.

Baada ya hapo ndo unajiuliza ni kitu gani cha hapa kwetu kinaweza kubeba mistari hii minne au mitano. Nne au tano, sio yote saba. Hili naomba ulishike. Kuna wiki Hisabati iko kwenye kutoa kwa kuchukua na haina haja yoyote ya kuvalishwa dagaa, iache ifundishwe kama ilivyo. Kipindi cha Dini nacho kina mwenyewe, usikiingilie. Uzi ukilazimishwa watoto wanagundua mapema kuliko wewe, na wanaanza kuuchoka Jumanne.

Kama masomo mmegawana na wenzako, dakika kumi za chai zinatosha. Waambie wiki ijayo niko na dagaa, wewe wa Sayansi ukifika kwenye kuhifadhi chakula tumia dagaa badala ya nyanya ya kitabuni. Sijawahi kukutana na mwalimu aliyekataa hilo.

Hatua ya pili: gawa wiki kwa jinsi watoto wanavyokuja shule, sio kwa ratiba tu

Ratiba ya ukutani haijui kwamba Jumatano ni siku ya gulio. Kwetu siku ya gulio watoto kumi na kitu hawaji, au wanakuja saa nne, maana mama anahitaji mtu wa kubeba na kuangalia mdogo. Nimegombeza sana zamani. Sasa hivi nachofanya, chukua rejesta ya mahudhurio ya mwezi uliopita, tazama ni siku gani ina nafasi tupu nyingi, na siku hiyo usiweke jambo jipya zito. Weka mazoezi, kurudia, kusoma kwa vikundi, jaribio la kuangalia. Jambo jipya liweke Jumatatu kipindi cha pili na Jumanne asubuhi. Jumatatu kipindi cha kwanza hapana, watoto bado wametoka mstarini, na wengine wamekimbia kilomita kadhaa na hawajanywa kitu.

Na ndani ya siku ujue njaa. Kabla ya uji na baada ya uji ni watoto wawili tofauti. Kugawanya na kuzidisha kuwe baada ya uji kama ratiba inaruhusu, na kama hairuhusu ongea na mwalimu wa taaluma, kubadilishana vipindi viwili ndani ya darasa moja sio jambo la kikao.

Kwa hiyo karatasi yangu ya wiki inakuwa hivi: Jumatatu tunafungua uzi kwa kusoma, na jaribio la Sayansi linaanza. Jumanne kupima na pesa. Jumatano ya gulio tunaangalia jaribio, kuchora, mazoezi. Alhamisi ziwa na ramani, na historia. Ijumaa kuandika, michezo, na upimaji mdogo. Ndo hivo tu, nusu karatasi, nabandika kwenye jalada la andalio la somo. Andalio lenyewe, yaani mpango wa kila kipindi, naandika jioni kwa siku inayofuata, maana nikiandika yote Jumapili najikuta nafundisha Alhamisi kwa watoto ambao Jumanne hawakuelewa.

Hatua ya tatu: zana, Jumamosi, bila kununua

Wiki ya dagaa ilihitaji vitu hivi: sado moja, makopo ya nusu lita, ndoo ya maji, sinia mbili za zamani, kopo lenye kifuniko, dagaa wabichi kiasi cha konzi mbili, vizibo vya soda, na karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji. Hiyo karatasi ni bora kuliko manila. Ipanguse vumbi vizuri, ikate, igeuze upande msafi, andika kwa maka peni herufi kubwa zinazosomeka kutoka dawati la mwisho, na ukimaliza unaikunja unaitunza, mwaka kesho ipo. Kabla hujaitundika nenda kakae dawati la mwisho mwenyewe uisome. Herufi ndogo zinawafundisha watoto wa mbele tu.

Na kitu kingine ambacho nakitumia kila wiki, kopo la vijiti 94, kila kijiti kina namba ya mtoto kwenye rejesta. Nikiuliza swali navuta kijiti. Kabla ya hapo waliokuwa wanajibu ni watoto tisa au kumi walewale, na mimi nilikuwa naamini darasa limeelewa.

Hatua ya nne: maswali matatu ya asubuhi

Kila siku kabla ya somo la kwanza, dakika tano hadi saba, maswali matatu: moja la jana, moja la mwanzoni mwa wiki, moja la wiki mbili tatu nyuma. Watoto wanaandika jibu kwenye kipande cha boksi au nyuma ya daftari, wanainua juu, mimi napita macho. Hakuna alama, hakuna kusahihisha. Nia yake ni kumfanya mtoto achimbe kichwani mwenyewe badala ya kufungua daftari, maana kile anachokichimba ndo kinabaki. Lile swali la wiki mbili nyuma ndo muhimu kuliko yote na ndo tunaloliruka. Wakikosa wengi usiwakasirikie, umepata taarifa ya bure, lirudishe kesho tena.

Hatua ya tano: Jumatatu, fungua kwa kusoma

Naanza na Kiswahili. Hiki ndo kifungu nilichoandika kwenye karatasi ya saruji:

"Usiku hauna mwezi. Baba yake Neema anasukuma mtumbwi majini. Taa inawaka juu ya maji. Dagaa wanaona mwanga, wanakuja mmoja, wawili, wengi. Baba anavuta wavu. Asubuhi Neema na mama wanaanika dagaa juu ya kichanja. Wingu jeusi linakuja. Watafanya nini?"

Kifupi, lakini angalia kilichomo. Mtumbwi, wavu, taa, kichanja, ukiviweka kwenye wingi unapata mitumbwi, nyavu, taa, vichanja, tayari una ngeli nne tofauti kwenye kifungu kimoja na watoto hawajajua kama wanafundishwa sarufi. Baada ya kifungu naongeza zoezi la r na l, na hili kwetu ni kubwa maana watoto wengi nyumbani wanaongea Kisukuma na r na l zinabadilishana. Simcheki mtoto na siruhusu wenzake wamcheke. Naweka maneno mawili mawili ubaoni, kula na kura, mahali na mahari, nasema moja, wanaonyesha kidole kimoja au viwili ni lipi nimesema. Sikio kwanza, ulimi baadaye. Ukianza na ulimi mtoto anaona aibu na anaacha kuongea kabisa.

Nasoma mimi mara moja wakiangalia tu. Mara ya pili tunasoma wote na fimbo inafuata neno. Mara ya tatu kikundi kwa kikundi. Halafu kijiti kinavutwa, mmoja mmoja. Maswali yangu ni ya aina mbili, lile ambalo jibu linaonekana kwenye kifungu, nani alivuta wavu, na lile la kufikiri, kwa nini baba alienda usiku ambao hauna mwezi. Hili la pili waliniamsha. Binti mmoja ambaye huwa haongei alisimama akasema, mwalimu, mwezi ukiwaka dagaa hawaioni taa, wanatawanyika. Baba yake mvuvi. Darasa zima lilimgeukia. Tangu siku ile huyo mtoto ananyoosha mkono.

Na swali la mwisho la kifungu, watafanya nini, silijibu Jumatatu. Linakaa mpaka Ijumaa, kila mtu atakuja kuliandikia.

Jumatatu hiyohiyo baada ya uji, Sayansi. Dagaa konzi moja kwenye sinia juu ya kichanja cha fito juani, konzi nyingine kwenye kopo lenye kifuniko kivulini. Kabla ya kufanya chochote kila kikundi kinaandika kinadhani itakuwaje Jumatano. Usiruke hili, mtoto aliyebashiri ana sababu ya kurudi kuangalia. Pale wanapogusa dagaa, wote wanapita kwenye kibuyu chirizi na sabuni, na paka wa jirani awekewe mlinzi, hilo nimejifunza.

Hatua ya sita: Jumanne, sado, makopo na pesa

Hii ndo siku ninayoipenda. Tuko nje chini ya mwembe, ndoo ya maji, sado na makopo ya nusu lita. Sado ya kwetu inachukua lita 4. Naanza kwa swali, makopo mangapi ya nusu lita yatajaza sado? Wanabashiri, wengine tano, wengine ishirini. Mtoto mmoja anamimina, darasa linahesabu kwa sauti, moja, mbili, na ikifika saba watu wameshanyamaza, ya nane inajaa mpaka mdomoni. Nane. Basi lita moja ina makopo mawili, lita 4 ni mara mbili mara nne. Wameiona kwanza, ndo nawaandikia 4 × 2 = 8. Ukianza na ubao wataikariri, ukianza na ndoo wataikumbuka.

Halafu debe. Debe ni lita 20, je, sado ngapi? Hapa usimimine, waache wafikiri kwa vizibo, vizibo 20 chini wagawe vinne vinne. Wanapata mafungu 5. Hapohapo umefundisha kugawanya.

Pesa nayo inakuja yenyewe. Tunapanga bei ya darasa, kopo moja shilingi 500, hiyo ni bei ya kujifunzia tu ili hesabu iwe nyepesi, mama ameuza makopo 4 amepata ngapi, mteja katoa 5,000 atarudishiwa ngapi. Wenzao wanakata vipande vya boksi wanaandika noti. Kwenye Kiingereza kipindi kinachofuata tunarudia soko lilelile kwa sentensi chache tu, "How much is it?" na "It is five hundred shillings", na kwa sababu tendo wameshalifanya kwa Kiswahili wanajua wanachosema, hawaimbi tu. Sentensi mbili zikikaa vizuri zinatosha kwa kipindi kimoja.

Sasa kosa moja ambalo lazima utalikuta, na naomba tulitazame kwa karibu. Mwambie mtoto aandike mia tatu na nne. Wengi wataandika 3004. Ukitia kosa jekundu na kupita, kesho ataandika 3004 tena, maana kwake amesikia mia tatu akaandika 300, akasikia nne akaandika 4, amefanya alichosikia, kwa hiyo ana akili yake pale. Dawa ni kadi. Kata kadi ndefu ya 300, kadi ya katikati ya 50, kadi fupi ya 4, upana wa kila tarakimu ulingane. Mwambie aweke kadi ya 4 JUU ya kadi ya 300, ukingo wa kulia ulingane na ukingo wa kulia. Ile 4 inafunika sifuri ya mwisho. Anasoma 304. Mwambie aitoe, aone sifuri bado ipo chini yake. Airudishe. Halafu aichomeke ya 50 chini ya ile 4, anapata 354. Mtoto akifanya hivi mara tano sita kwa mikono yake, kitu kinabofya, unaona mpaka uso unabadilika. Usiharakishe hapa hata kama azimio linakukimbiza, mtoto anayeandika 3004 akienda nayo mpaka Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne ataanguka Hisabati yote kwa sababu ya kitu kidogo cha dakika ishirini.

Hatua ya saba: Jumatano, angalia na chora

Wachache wapo, gulio. Tunatoka kuangalia dagaa. Wa kwenye sinia wamekauka, wepesi, wanavunjika. Kopo nalifungua mimi, nje, upande ambao upepo unaenda mbali na watoto, na harufu inajieleza yenyewe. Hakuna anayegusa. Tunafukia shimoni, tunanawa. Ndo nawauliza tofauti ni nini, na kwa kawaida watakuambia jua. Endelea kuuliza, jua limefanya nini? Limetoa maji. Ehee. Vimelea wanaoozesha chakula wanahitaji maji ili waongezeke, ukiondoa maji umewanyima. Kwa hiyo mihogo mikavu ya bibi, mchicha uliokaushwa, nyama ya kukausha, vyote ni jambo hilohilo. Waache wataje wenyewe vya nyumbani kwao, wataendelea mpaka kengele.

Na kwa nini kichanja, sio mchangani? Wao wanajua zaidi yako, mchanga unaingia, mnunuzi anashusha bei. Wanachora sinia na kopo, wanaandika sentensi mbili chini ya kila mchoro. Watoto waliokuwa gulioni watakuja kusimuliwa na wenzao Alhamisi asubuhi, mtoto kwa mtoto. Aliyesimulia anakuwa amejifunza mara mbili.

Kwa sisi wa ziwani kuna jambo la afya ambalo siwezi kufundisha wiki ya ziwa nikaliacha, kichocho. Minyoo yake inakua ndani ya konokono wa maji baridi, inatoka, inapenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Watoto wetu wanaoga pale, wanafua pale, wanacheza pale. Waambie kweli bila kuwatisha: wasikojoe wala kujisaidia majini wala pembeni yake, mwenye damu kwenye mkojo aseme haraka kwa mwalimu au mzazi, na siku dawa za kichocho zinapogawiwa shuleni wasikimbie. Mtoto wa miaka tisa akielewa hilo anaenda kumfundisha mdogo wake.

Hatua ya nane: Alhamisi, ziwa na watu wake

Jiografia na Mazingira, nachora ziwa ubaoni kwa mkono, sio lazima lipendeze. Tanzania, Uganda, Kenya wote wanalichangia, na sehemu kubwa zaidi iko kwetu, karibu nusu. Halafu nawaambia dagaa hawa hawa Kenya wanaitwa omena na Uganda wanaitwa mukene. Wanalirudia hilo neno siku nzima. Baada ya ubao tunatoka nje kuchora ramani ya kweli, kutoka geti la shule mpaka mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kushoto kuna nini kulia kuna nini, jua linachomoza wapi. Hatua 40, hatua 60, wanahesabu, Hisabati imerudi tena bila kuitwa.

Historia ya Tanzania na Maadili naipeleka kwenye kubadilishana mali kabla ya pesa, samaki kwa nafaka, na naunganisha na kipimo. Nachukua sado, naweka mchanga mfuto, usawa wa mdomo, halafu naweka ya pili mlima mpaka unamwagika. Nauliza, mkulima akiuza hivi na mvuvi akinunua hivi nani kaumia? Watoto wanajua lumbesa ni nini, wameiona kwa wazazi wao. Mjadala unakuwa wa kweli, wengine wanasema mteja ndo anaomba nyongeza, wengine wanasema kitako cha sado kimebonyezwa ndani. Waache wabishane. Maadili ya kuimbishwa "uaminifu ni" hayajawahi kumbadilisha mtoto.

Kuna mwalimu mmoja kijana aliniuliza kama ni sawa kuwaeleza watoto wadogo habari za meli ya MV Bukoba iliyozama ziwani hapa tarehe 21 Mei 1996, au kivuko cha MV Nyerere kilichozama Septemba 2018. Maoni yangu, kwa Darasa la Tatu fundisha boya, jaketi la kuokolea, kutopanda chombo kilichojaa, basi. Darasani kwako kuna mtoto ambaye nyumbani kwao picha ya babu au shangazi imetundikwa ukutani kwa sababu ya siku hizo. Akiuliza mwenyewe mjibu kwa ukweli na kwa upole.

Hatua ya tisa: kusahihisha bila kufa

Watoto 94 mara masomo sita ni madaftari 564. Hakuna binadamu anasahihisha hayo kila siku akabaki na macho. Darasa langu lina vikundi vitano, Sato, Sangara, Furu, Kamongo na Ningu, vinne vina watoto 19 na kimoja 18. Kila siku kikundi kimoja kinaacha madaftari na hayo nayasoma kwelikweli, naandika neno, naona mtoto anakwama wapi. Wengine siku hiyo nawapitia dawatini wakiwa wanafanya, au wanabadilishana wanasahihishana jibu likiwa ubaoni. Ndani ya wiki kila mtoto nimemsoma vizuri mara moja. Kabla ya mpango huu nilikuwa natia vema kwenye madaftari yote na simjui hata mmoja.

Ukisahihisha tafuta kitu kimoja tu. Leo herufi kubwa na nukta, basi hiyo tu. Daftari likijaa wekundu mtoto hasomi hata kosa moja.

Hatua ya kumi: Ijumaa, kuandika, kucheza, kupima

Asubuhi tunarudi kwenye lile swali, wingu jeusi linakuja, Neema na mama watafanya nini. Kila mmoja anaandika sentensi tatu mpaka tano. Wiki nzima wameshasikia maneno, wameyagusa, kwa hiyo hata yule mzito ana cha kuandika. Mmoja aliandika "Mama akasema kimbia Neema leta turubai. Neema akakimbia. Dagaa hawakulowa lakini Neema alilowa." Hiyo nimeitundika ukutani mpaka leo.

Sanaa na Michezo, tunafinyanga mitumbwi kwa udongo wa mfinyanzi, tunaiweka kwenye beseni tuone upi unaelea, na tunapakia vizibo mpaka uzame. Yaani lile la kutojaza chombo la jana wameliona kwa macho yao.

Halafu upimaji mdogo, maswali matano tu, kila somo kubwa swali moja na mawili ya Hisabati. Sio mtihani, usiwapange wa kwanza mpaka wa 94. Kwenye orodha yangu naweka alama tatu, vema kwa aliyeweza, nukta kwa aliyeweza kwa kusaidiwa, duara kwa ambaye bado. Nahesabu maduara kwa kila swali. Duara zikiwa chini ya kumi, hao nakaa nao Jumatatu dakika 20 wenzao wakifanya zoezi. Zikiwa kama thelathini, narudisha jambo hilo kwenye maswali ya asubuhi wiki yote inayofuata na kulifundisha upya kwa njia nyingine, kadi badala ya ubao, au ndoo badala ya kadi. Zikipita nusu ya darasa basi aliyekosa ni mimi, nafundisha upya kuanzia mwanzo, na kwenye maoni ya andalio naandika hivohivo bila kuficha. Mkaguzi hajawahi kunilaumu kwa kuandika kwamba hawakuelewa.

Mtoto mwenye duara wiki tatu mfululizo somo lilelile, mwite pembeni. Mkalishe mbele wiki moja uone kama ni macho. Mnong'oneze nyuma yake uone kama ni masikio. Muulize alikula nini asubuhi. Nimekuta watoto wawili waliokuwa hawaoni ubao na mimi nawaandikia "ongeza bidii", na hilo bado linaniuma.

Saa nane mchana watoto wakishatoka, fagio limepita, karatasi ya saruji nimeikunja, nafungua tena azimio la kazi. Wiki ijayo Hisabati iko kwenye saa na dakika, Sayansi iko kwenye mwanga na kivuli. Kuna mti wa mlingoti wa bendera pale uwanjani ambao kivuli chake kinazunguka siku nzima.